King'ora Tulichoambiwa Tukifiche

Juni 17, Jumatatu

Ukaguzi wa kiangazi umeanza leo, na kampuni ya gesi imetufungulia kwa zawadi. Sisi wakaguzi wa majumbani, wanawake kumi na wanne, tulijipanga mbele ya meza ya mkuu wetu wa kitengo, Bwana Bang, naye akamkabidhi kila mmoja kidude cha manjano chenye umbo la yai, kina pini juu yake. Ukiivuta pini, kinapiga kelele. Ukiirudisha, kinanyamaza. Ndiyo kinga yetu hiyo.

Sababu yake sote tunaijua, ingawa Bang hakuitaja. Mwezi wa tano Eun-bi, mdogo wetu kuliko wote, mwenye miaka ishirini na tisa, alifungiwa ndani ya nyumba na mteja. Alipotoka aliomba jambo moja tu, kwamba tuwe tunaingia majumbani wawili wawili. Ameomba mwenza, ameletewa yai.

Dada Gil-rye, ambaye ana miaka hamsini na minane na ulimi usiojua kustaafu, aliuliza kama yai hilo litamshikia tochi akiinama chini ya jiko. Tukacheka. Bang naye akacheka. Eun-bi hakucheka, na nakiri kwamba aliniudhi. Nimeingia jikoni mwa watu miaka kumi na moja. Nimefunguliwa mlango na walevi, na wakorofi, na waliovaa chupi tu, na bado nipo. Wasichana wa siku hizi, nikajisemea, wanataka kubembelezwa hata kazini.

Bang simsemi vibaya. Mume wangu Du-sik alipopasuliwa mgongo, ni yeye peke yake kutoka ofisini aliyekuja hospitali, akakaa saa nzima.

Juni 18, Jumanne

Nyumba sitini na moja. Wasiokuwepo ishirini na watatu. Miguu inawaka.

Juni 20, Alhamisi

Aibu ya mwaka. Nilikuwa nimepiga magoti jikoni kwa bibi mmoja wa ghorofa ya tatu, nachomoa kipima gesi mkobani, waya ukainasa pini ya lile yai, likaanza kulia. Bibi alidhani gesi inavuja. Hakuchukua dawa zake, hakuchukua picha ya marehemu mumewe, alikumbatia sufuria yake ya wali akashuka ngazi bila viatu. Nilimkuta chini kabisa, amekaa, sufuria mapajani.

"Nikifa," akaniambia, "nife nimeshiba."

Pini ilikuwa imezama kwenye karatasi za mkobani, nilihangaika nayo dakika nzima. Jengo lina milango kumi na miwili. Haukufunguka hata mmoja, nami nikashukuru, maana uso wangu ulikuwa mwekundu kama pilipili. Yai nimelitupa kwenye droo ya mipira ya kufungia na mishumaa. Likae huko.

Juni 22, Jumamosi

Mvua zimefika. Nimekaanga chapati za vitunguu majani. Du-sik kasema mvua bila pombe ya mchele ni maji tu.

Juni 26, Jumatano

Eun-bi aliningoja getini na mwavuli. Aliniomba nimsindikize sokoni kwenye duka la vifaa vya wapanda mlima akanunue king'ora cha maana, kwa sababu kila akienda peke yake muuzaji humuuliza anaogopa nini, na kumcheka. Nilienda kwa shingo upande. Muuzaji aliponiona hakucheka. Nina uso wa mtu anayeweza kurudi kesho kudai haki yake.

Sikujua kwamba kununua kidude kama hicho ni elimu. Eun-bi alichukua vitatu vya aina tofauti kwa makubaliano ya kurudisha viwili, tukaenda chini ya daraja la barabara kuu ambako hakuna wa kumshtua, akaanza kunifundisha kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kwanza akavuta pini ya yai lake la kampuni na kulishika nje kwenye mvua. Kwa hatua ishirini lililia kama kifaranga cha bata. Dakika moja baadaye likapwelewa sauti, kisha likakata.

Kilichofuata kilikuwa cha kubonyeza. Alinilowesha vidole, akaniambia nifumbe macho na nibonyeze haraka. Nilikosa mara tatu. "Mkono ukitetemeka hautafuti kitufe, dada," akasema. "Lakini hata ukitetemeka unajua kuvuta." Cha pili kilikuwa na pini legevu kama jino la mtoto, kingelia kila nikipanda ngazi. Cha tatu, cheusi, saizi ya dole gumba, kina kamba nene, hakikujali mvua, na kilipolia chini ya daraja njiwa wote waliondoka. Hicho ndicho tulichokichagua, nami nikanunua na changu.

Kisha mahali pa kukivaa. Mkobani hapana, mfukoni hapana. Kwenye mkanda wa mkoba, kifuani, upande wa kushoto, kwa kuwa kipima gesi nakishika kwa kulia, na mkono usio na kazi ndio utakaoniokoa. Pini ifungwe kwenye mkanda, chenyewe kining'inie, ili ukikinyofoa kibaki mkononi na pini ibaki kwako. Halafu unakirusha.

"Unakirusha?" nikauliza.

"Mbali nawe. Akitaka kukizima akifuate. Hawezi kukushika wewe na kukitafuta chenyewe kwa wakati mmoja." Akakaza fundo la kamba kwenye mkanda wangu. "Na usingoje watu waje. Hakiiti watu, dada Jeong-sim. Kinakupa hatua tano tu."

Nikamuuliza kajuaje kwamba ni tano. Ndipo akanisimulia. Alikaa ndani ya nyumba ile dakika kumi na nane. Mwanamume alisimama kwenye mlango wa jiko, ufunguo mkononi, anamweleza jinsi mkewe alivyomkimbia. Eun-bi hakuthubutu kumtazama, akawa anasoma maelekezo yaliyobandikwa kwenye mtambo wa kuchemshia maji. Aliyasoma mpaka yakamwingia kichwani, na pale chini ya daraja akanighania yote, usiguse bomba likiwa la moto, usiweke nguo karibu na tundu la moshi, mpaka mwisho. Kisha yule mtu akamshika kiuno. Simu ikalia chumbani, naye akauacha ufunguo mezani akaifuata. Kutoka jikoni hadi mlangoni zilikuwa hatua tano. Alipomwambia Bang, Bang alimuuliza kama ukaguzi ulikamilika, kwa sababu mtambo alishautazama. Akamwambia aandike "umekamilika".

Nikiwa njiani nilikumbuka jambo ambalo sijawahi kuliandika. Miaka saba iliyopita, mtaa wa nyuma ya karakana ya meli, mwanamume alinifungulia akiwa hana hata uzi mwilini. Mimi ndiye niliyesema samahani. Nikaingia, nikapima bomba nikiwa nimempa mgongo, kisha nikampa simu ya kazi aweke saini yake. Saini! Jioni ile nilimsimulia Gil-rye tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Leo nimekaa mezani nakitafuta kilichotuchekesha, sikipati.

Julai 1, Jumatatu

Nimekivaa. Mteja mmoja aliuliza kama anafanana na mwizi. Nikamjibu hapana, anafanana na mtu ambaye bomba lake linavuja, na kweli lilikuwa linavuja.

Julai 3, Jumatano

Mvua. Nyumba hamsini na tano. Soksi jozi tatu.

Julai 5, Ijumaa

Nimefika nyumbani nikiwa bado na hasira, na Du-sik amenisogezea chai ya shayiri.

Asubuhi Bang alitukusanya. Anasema wateja wamelalamika. Kuona king'ora kifuani mwa mkaguzi kunawatia unyonge, wanajihisi wanashukiwa ndani ya nyumba zao. Kwa hiyo agizo ni kwamba tuvivae, maana kampuni inajali usalama wetu, lakini visionekane. Tuviweke ndani ya koti au chini kabisa ya mkoba.

Nilimuuliza, nikiwa mwanagenzi wa kumpinga mkubwa, kama mzimamoto naye huambiwa afiche kofia yake kwa sababu inamkumbusha mwenye nyumba moto. Bang alitabasamu lile tabasamu alilokuja nalo hospitali. "Mama Jeong-sim, wewe ni mtu mzima. Hawa wadogo watulize wewe."

Sasa nielewe vipi? Walitupatia wenyewe. Walipiga picha siku ile ya kutugawia, imebandikwa ukutani mapokezini, sote tumeinua mayai yetu kama tumeshinda bahati nasibu. Mteja mmoja amenuna, basi kinga yetu imegeuka matusi. Na mteja anayenung'unika kwa sababu naweza kupiga kelele, ana mpango gani wa kunifanya nipige?

Nilivuta koti likakifunika, Bang akaona, akaridhika. Nilipofika ngazi za nyumba ya kwanza nilikitoa nje.

Julai 9, Jumanne

Magoti ya Gil-rye yamechoka na milima. Nimepewa nyumba arobaini za juu zilizokuwa zake. Aliniletea kabichi ya pilipili mtungi mzima, akasema pole. Nikashangaa pole ya nini, nikala.

Julai 15, Jumatatu

Joto lenyewe limeanza. Supu ya kuku kwa wote nyumbani. Kesho mlimani.

Julai 16, Jumanne

Nataka niliandike lote kabla wengine hawajaanza kulisimulia.

Mvua ilikuwa inapiga tangu alfajiri. Saa tano asubuhi nilifika namba 301, ghorofa ya tatu, jengo la matofali mekundu kule juu. Alifungua mwanamume wa miaka kama hamsini na tano, shati safi, nywele zimechanwa, miwani. Alinipa ndara za ndani, akanipa pole ya mvua. Mtu angeniuliza wakati ule, ningesema ndiye mstaarabu kuliko wote wa wiki hii.

Nilipima jiko. Nilipima bomba la ukutani. Nilipogeuka ili aweke saini nikasikia mlango wa nje ukitoa ule mlio wa kufuli la namba, kisha mlio wa pili, wa komeo la juu. Kufuli la namba hujifunga lenyewe. Komeo halijifungi lenyewe.

Alirudi akasimama kwenye ujia, kati yangu na mlango. "Joto hili, mama," akasema, kwa sauti ile ile ya pole ya mvua. "Vua koti upumzike kidogo. Wanawakimbiza mno ninyi."

Nilimwambia nina nyumba nyingine zinanisubiri.

"Zitasubiri." Akapiga hatua. "Mtu mzima kama wewe unaogopa nini?"

Miaka kumi na moja yote ningecheka. Na kicheko kilinijia kweli, kile cha kazini, cha kumfanya mwenye nyumba asijisikie vibaya. Kilifika mpaka midomoni. Nilikiona kinavyokuja nikajionea aibu, na mkono wangu wa kushoto ukapanda wenyewe.

Ndani ya ujia ule mwembamba sauti ilitua kama kofi. Aliziba masikio. Upande wake wa kulia chumba kilikuwa wazi, nikakirusha humo, kikabiringika uvunguni mwa kitanda kinalia. Alinitazama mimi, akatazama chumba, akatazama ukuta wa jirani, kisha akainama kukifuata. Nilipita nimebana ukuta, ndara zikanitoka. Komeo. Kufuli. Viatu vyangu nilivikanyaga kwa juu nikaviacha.

Nilishuka ngazi kwa soksi, pini inaning'inia kifuani, na ile sauti inanifuata kutoka juu, inajaza jengo zima, kila aliyekuwemo lazima aliisikia. Ghorofa ya pili mlango ulifunguka kadiri ya urefu wa mnyororo. Nikaona jicho la mwanamke. Nikamwambia, "Nisaidie."

"Kizimeni hicho," akasema. "Mtoto kalala."

Akafunga.

Chini, mwanamume alikuwa anavuta sigara chini ya upenu. Alitazama soksi zangu. Kisha akatazama mvua.

Ni mama mmoja muuza jibini la soya, kwenye kona, aliyenikalisha kwenye kigoda chake, akanipa viatu vyake vya mpira, akapiga simu polisi mwenyewe. Aliniuliza neno moja tu. "Ya tatu?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasonya. "Huyo huyo."

Huyo huyo! Kumbe anajua. Jengo linajua, kona inajua, anayevuta sigara anajua. Mtaa mzima unamjua, na kila baada ya miezi sita unamtazama mwanamke wa gesi akipandishwa ngazi zile kwa miguu yake mwenyewe.

Polisi walikuja wawili. Mkubwa wao aliniuliza, "Alikugusa?" Nikasema alifunga komeo. "Sawa, ila alikugusa?" Nikasema alisimama njiani akaniambia nivue koti. "Koti la mvua?" Nikasema ndiyo. "Lilikuwa limelowa?" Nikageuza uso, kwa kuwa nilikuwa nakaribia kusema jambo ambalo lingenifunga mimi badala ya yule.

Naye akashuka, miwani, shati safi, ameshika viatu vyangu. Alikuwa amevifuta maji. Alisema ana ugonjwa wa moyo, na kelele ile nusura imuue. Polisi walinirudishia king'ora kimetolewa betri. Mdogo wao alinishauri nikitumie kwa uangalifu, watu wanashtuka.

Julai 18, Alhamisi

Mteja amelalamika ofisini. Bang ameniita, mezani kwake kuna karatasi na kifurushi cha chupa za vinywaji vya nguvu kilichofungwa utepe. Karatasi ni barua ya kuomba radhi, kasoro jina langu tu. Kifurushi ni cha kupeleka. Anataka niende, nibishe hodi namba 301, niiname, nikabidhi.

Alinieleza kwa upole kwamba naye yuko kwenye shinikizo, kwamba hakuna kilichotokea, kwamba kuinama dakika moja ni bora kuliko kesi mwaka mzima. Alinikumbusha hospitali. Hakuitaja waziwazi, aliuliza tu mgongo wa Du-sik unaendeleaje.

Hapo ndipo nilipoachana naye moyoni. Saa ile moja aliyokaa kando ya kitanda cha mume wangu nimeilipa kwa heshima miaka minne, na leo ameileta tena ili nipande nayo ngazi zile. Nilimwambia mgongo wa Du-sik hauinami, na wangu pia. Nikatoka. Vile vinywaji vilibaki mezani.

Julai 19, Ijumaa

Eun-bi aliniomba simu yangu ya kazi wakati wa chakula. Kumbe kila nyumba ina ukurasa wa nyuma wa maelezo, ambao sisi wazee hatukuonyeshwa namna ya kuufungua. Aliufungua wa namba 301. Uliandikwa miaka miwili iliyopita. *Asiende kijana. Apelekwe mwanamke mtu mzima.*

Walijua. Na walichokifanya kwa kujua kwao ni kuchagua umri wa nyama.

Chini yake kulikuwa na jina la aliyetoa taarifa. Tak Gil-rye.

Nilimkuta nyuma ya ghala, anakula peke yake. Nilimsomea. Hakukana. Alisema ni yeye aliyeomba nyumba ile iondolewe kwake, mwaka ule, na Bang akaahidi kwa sharti la kutolisambaza. Ilichukua miaka miwili. Alipojua wamenipa mimi alitaka kuniambia, akaleta kabichi badala yake.

"Ningekwambia, ungeniuliza alinifanya nini," akasema.

"Alikufanya nini?"

Aliweka vijiti vya kulia chini. Ulimi ule usiojua kustaafu ulistaafu. Sikumngoja. Hasira yangu ilikuwa kubwa mno hata huruma ikakosa nafasi, na sasa naandika nikijua kwamba mimi na yeye tulicheka pamoja miaka saba iliyopita, na huenda yeye alikuwa anacheka kwa sababu ile ile niliyokuwa nachekea mimi.

Julai 22, Jumatatu

Asubuhi nilisimama getini nikawaambia wenzangu kwamba mimi siingii nyumba ya mtu peke yangu tena, wanifukuze. Eun-bi alikuja upande wangu. Kisha Gil-rye, kwa magoti yake mabovu, akavuka ua, akamshika mkono mama aliyekuwa karibu naye, akasema, "Twende, we na mimi. Ukichoka utanibeba."

Tumetoka jozi saba.

Julai 26, Ijumaa

Nyumba zilizokamilika wiki hii: nusu ya kawaida. Bang anatembea ofisini kama aliyekanyaga makaa.

Agosti 2, Ijumaa

Namba 301 bado haijakaguliwa na hakuna anayekwenda. Bang ameenda mwenyewe. Amerudi anatamba: dakika nne, kapewa kahawa, mteja muungwana kabisa. Alitutangazia mbele ya wote.

Gil-rye akamuuliza, taratibu, kama mteja alimshauri avue koti.

Alisimama pale akitutazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza nikaona anahesabu kitu tofauti na asilimia ya ukaguzi.

Agosti 9, Ijumaa

Mvua zimekwisha. Nyenje wanapiga kelele kwenye miti tangu asubuhi. Wao hawaambiwi wanashtua watu.

Agosti 13, Jumanne

Jibu limetoka kwa wakubwa wa juu. Wawili wawili haiwezekani kwa nyumba zote. Ila kwa nyumba za hatari, zitakazothibitishwa, watakubali. Bang ametaka orodha ifikapo Jumatatu. Anakisia zitakuwa sita au saba.

Agosti 15, Alhamisi

Leo sikukuu. Tulikusanyika nyumbani kwa Gil-rye, kumi na wanne wote, tikiti maji kubwa mezani na daftari moja likizunguka. Tulikubaliana hakuna kuulizana. Kila mtu aandike namba ya nyumba na mtaa, basi.

Nilidhani litazunguka mara moja. Lilizunguka tangu saa nne mpaka tikiti likapata moto. Mtu aliandika mbili, akalisukuma, akanyoosha mkono akalirudisha, akaandika tano. Mama mmoja ambaye nilimwona siku zote kama mpole asiyeguswa na lolote aliandika ukurasa mzima, kisha akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Mimi niliandika nyumba ya nyuma ya karakana. Kalamu ilikwama kidogo. Nikaandika na nyingine tatu ambazo hata wewe shajara sijakwambia.

Lilipomfikia Gil-rye aliandika 301 peke yake, kwa herufi kubwa. Nilikata kipande cha katikati cha tikiti, kile kisicho na mbegu, nikamwekea. Alikula bila kunitazama, na mimi sikumtaka anitazame.

Eun-bi alijumlisha. Nyumba mia moja na kumi na mbili.

Agosti 19, Jumatatu

Tuliingia ofisini watatu, mimi, Gil-rye na Eun-bi. Wengine walibaki mlangoni, mlango wazi. Bang alipokea orodha akiwa amesimama. Ukurasa wa pili alikaa. Aliuliza kama haya yote ni ya mwaka huu. Gil-rye akamwambia ni ya tangu tulipoanza kuulizwa, na tumeulizwa wiki iliyopita.

Alisoma mpaka mwisho. Kisha kidole chake kikarudi katikati, kikasimama.

"Huyu wa 402 mmekosea," akasema. "Namfahamu. Ni mzee wa kanisa letu, ana wajukuu."

"Hatukuandika kazi zao, Mkuu," Gil-rye akajibu.

"Nasema namfahamu." Akachukua kalamu nyekundu kutoka kwenye kikombe, akaifungua.

Eun-bi hakuwa amesema neno ndani ya ofisi ile tangu mwezi wa tano. Alisogea mezani, akaweka kiganja chake juu ya karatasi, chini kidogo ya namba ile. Hakukiweka juu ya namba. Aliiacha wazi ifutike.

"Futa, Mkuu," akasema. "Halafu kando yake uandike jina lako na namba yako ya simu, ili atakayekuwa ndani ajue wa kumpigia."

Feni iligeuka huku, ikageuka kule. Nilimtazama Bang, mtu niliyemheshimu miaka minne, na nilitaka sana aandike. Nilitaka aonyeshe kwamba anamwamini rafiki yake kiasi hicho. Kalamu ilikuwa wazi, ncha yake inakauka.

Akaifunika. Aliirudisha kwenye kikombe, akavuta muhuri, akapiga ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Hakuomba radhi, nasi hatukumsubiri aombe. Alisema tu zamu zipangwe kuanzia kesho, na kwamba tumwachie nakala.

Kesho saa tatu asubuhi, namba 402. Mimi na Eun-bi.